Mikono Nyuma

Mama Miche alikuwa na mkono. Watu wa mtaani kwake hawakuwa na namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Kijiti ambacho mwingine angekiwashia moto, yeye alikichomeka kwenye kopo, akakisahau, na siku ya kukikumbuka akakikuta kina majani. Alikuwa akiuza miche kando ya barabara tangu usichana wake, chini ya turubai lililokwisha kupauka, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kwa hiyo aliposikia kwamba kituo cha tiba ya viungo kilichoko nyuma ya soko kinafundisha watu kuwatibu wagonjwa kwa kazi za bustani, alikwenda kujiandikisha akiwa na hakika kwamba nusu ya masomo anayo tayari. Hakujua kwamba nusu hiyo hiyo ndiyo itakayomponza.

Sababu ya kujiandikisha ilikuwa nyumbani, imekaa dirishani. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni mpaka akajua kukimbia, alikuwa mpaka rangi wa majumba. Siku moja ngazi iliteleza naye. Alipona, lakini mishipa ya mkono wa kulia ilikatika, na mkono ukabaki unaning'inia kama mkono wa shati kwenye kamba. Madaktari walisema bila kuzunguka: wa kulia msiutegemee, wa kushoto ni mzima kabisa, autumie.

Hakuutumia. Alikaa kwenye kiti chake, wa kushoto kaulaza juu ya wa kulia kana kwamba anaufunika shuka, akitazama ukuta wa jirani ambao aliupaka yeye mwenyewe. Mama Miche akamlisha. Akamfunga vifungo, akamnyoa, akamshikia kikombe cha chai mdomoni, na mara nyingine alimfuta kidevu kabla hakijalowa. Alimlea kama yai, na yai lenyewe lilikuwa na ndevu.

Kilichomtisha Mama Miche hakikuwa mkono. Kilichomtisha ni kwamba mdogo wake alikuwa ameacha kuomba. Miezi ya mwanzo alikuwa akisema, "Dada, naomba maji." Siku hizi alikaa na kiu yake kimya mpaka dada mtu akumbuke mwenyewe. Mama Miche alikuwa ameshaona miche ya namna hiyo, haina mdudu wala ugonjwa, mizizi mizima, ila imeacha tu kujishughulisha na kuishi. Miche hiyo hata yeye na mkono wake hakuwahi kuiokoa.

Akampelekea dirishani kopo la mrehani, ule wenye harufu kali, na chupa ya maji pembeni. "Huu ni wako," alimwambia. "Umwagilie." Kila asubuhi mrehani ulikuwa mkavu na chupa imejaa. Kila asubuhi Mama Miche aliumwagilia yeye, haraka haraka mwenzake akiwa bado amelala, kisha baadaye akasema kwa sauti ya furaha, "Unaona mrehani wako unavyostawi?" Mdogo mtu aliutazama, kisha akautazama ukuta.

Bustani ya kituo ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, kwa hiyo saa zote ilinuka sabuni na udongo mbichi. Matuta yalikuwa masanduku ya mbao yaliyoinuliwa juu ya miguu, kimo ambacho kiti cha magurudumu kingeweza kuingia chini yake. Vijiko vya kupandia vilizungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili mpini ujae kwenye kiganja kisicho na nguvu. Mwalimu alikuwa binti mwembamba, mtaalamu wa viungo, mwenye viatu vya mvua vilivyomzidi na sauti ndogo ambayo haikuwahi kuhitaji kurudia kwa sababu wote walinyamaza kuisikiliza.

Siku ya kwanza aliwagawia aproni. Zilikuwa za kawaida mbele, ila nyuma, usawa wa kiuno, kila moja ilikuwa imeshonewa kitanzi cha utepe.

"Hicho ni cha vidole gumba," Mwalimu alisema. "Mgonjwa akiwa kazini, vidole gumba viko humo. Mikono nyuma."

"Na mche ukianguka?" Mama Miche aliuliza.

"Unaanguka."

"Na maji akimwaga nje?"

"Yanamwagika nje, mama yangu. Hapa hatuoteshi nyanya. Nyanya sokoni zimejaa tele. Akitaka kujua kama maji yametosha, msimjibu. Mwambieni aulize udongo. Atie kidole chake mwenyewe."

Wanafunzi wengine walicheka na kuandika. Mama Miche alipitisha vidole kwenye kitanzi, akahisi kama kuku aliyefungwa kupelekwa mnadani.

Baadaye alimfuata Mwalimu pembeni, akamweleza habari za mdogo wake, akamwomba amlete. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Huyo bado. Mtu wa nyumbani kwako unamwonea huruma mpaka unamziba pumzi. Anza na mgeni."

Mgeni aliyepewa alikuwa Fundi. Huyu alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za shule za nusu ya mji, mama wa makamo yaliyokwisha kuegemea uzee, ambaye kiharusi kilimlaza upande mzima wa kulia. Ulimi haukulala, ila ulikuwa mzito, na maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Hiyo haikumzuia kuwa na kinywa.

"Wewe ndiye," alisema siku ya kwanza, akimkagua Mama Miche kuanzia aproni hadi kandambili, "daktari wa mchicha?"

"Bado mwanafunzi, mama."

"Niite Fundi. Mama wako wengi."

Walipanda nyanya. Fundi alichagua mche wake mwenyewe, mwembamba kuliko wote, akakataa mwingine. Aliuhamishia kwenye kopo kwa mkono wa kushoto, udongo mwingi ukaenda mapajani. Kila asubuhi wauguzi walimsukuma hadi bustanini, naye alimwagilia kwa chupa iliyotobolewa kifuniko. Mara ya kwanza maji yote yalimmwagikia Mama Miche miguuni. Fundi alimtazama, akasema, "Na wewe umeota?" Mama Miche alicheka mpaka machozi, lakini mgongoni vidole gumba vilikuwa vimeukaza utepe karibu kuukata. Hakuna aliyejua jinsi ile kazi ilivyokuwa ngumu kwake. Kuchimba shimo la mwembe ni kazi nyepesi kuliko kumtazama mtu akikosa kopo mara tatu mfululizo na wewe una mikono.

Hata hivyo alijikaza kisabuni, na siku zikaenda vizuri. Fundi alianza kulalamika akicheleweshwa kutolewa wodini. Alianza kumwuliza Mama Miche habari za mdogo wake. "Bado unamfunga vifungo?" aliuliza siku moja. Mama Miche alijibu kwamba ndiyo. Fundi akaguna, akamtuma akajaze chupa bombani. Alipokuwa akijaza aligeuka, akamwona Fundi ameinama karibu kulilamba kopo, uso umejificha kwenye majani. Alidhani ananusa. Majani ya nyanya yana harufu nzuri ukiyashika, kwa hiyo hakuuliza.

Kisha Fundi hakutoka. Muuguzi alisema amegeukia ukutani na hataki kusemeshwa. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Kwenye kituo habari hazikai chini ya godoro: Fundi alikuwa ameambiwa kwamba mguu wa kulia hautamrudia. Madaktari walijua kitambo, wanawe walijua kitambo, ni yeye tu aliyekuwa akihimizwa mazoezi na kuambiwa wiki ijayo utasimama.

Jua la siku hizo lilikuwa la kukausha mawe. Mama Miche aliuona mche ukilegea, akajizuia. Aliuona ukiinama, akajizuia tena, akaenda kuwaambia wauguzi wamwambie Fundi, na wauguzi walimwambia, na Fundi hakugeuka. Asubuhi ya nne aliukuta umelala juu ya udongo, umekauka kabisa, na muuguzi akapita akasema kwa furaha, "Leo mgonjwa wako amekubali kutoka."

Hapo ndipo Mama Miche alipofanya kitu ambacho asiyekuwa na mkono hangeweza kukifanya. Turubai lake halikuwa mbali. Alikimbia, akachagua mche wa nyanya wa kimo kile kile, wenye majani idadi ile ile, akarudi nao chini ya kanga. Aliung'oa uliokufa, akautupa kwenye lundo la mboji, akapanda ule mwingine kwenye kopo lile lile, akasawazisha udongo na hata akaacha alama za vidole vya mkono wa kushoto. Aliifanya kazi hiyo kwa dakika chache na kwa ustadi wa mwizi mzoefu. Mtu aliyeambiwa vile kuhusu mguu wake, aliwaza, hawezi kuja kukuta na mche umekufa. Ni ukatili.

Fundi akaletwa. Alikuwa amekonda usoni. Aliliangalia kopo, akaangalia majani ya kijani yaliyosimama wima, na Mama Miche akasema, kwa ile ile sauti ya furaha ya nyumbani, "Unaona ulivyokusubiri?"

Fundi alinyoosha mkono wa kushoto, akalizungusha kopo polepole. Akainua jani la chini kwa kidole. Akainua la upande wa pili.

"Wangu uko wapi?"

"Si ndio huo, Fundi."

"Huu si wangu."

"Nyanya si ni nyanya tu, jamani."

"Wangu," Fundi alisema, "una uzi."

Fundi alishika upindo wa gauni lake, akamwonyesha mahali ulipofumuka. Maneno yalichelewa kuja, lakini yalikuja yote.

"Niliuchomoa hapa. Nikaufunga kwenye shina. Kwa mkono huu na meno. Ulipokwenda bombani." Akapumua. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini mkono mmoja ulifunga fundo. Fundo la kwanza, tangu niugue. Nilitaka nikuonyeshe mwenyewe."

Mama Miche hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, lakini alilia. Alisema yote: kwamba mche ulikufa, kwamba aliutupa, kwamba hakuona uzi kwa sababu hakutazama, alikuwa na haraka ya kuuficha. Aliomba radhi, na alipoona haitoshi akaomba tena.

"Na wewe," Fundi alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Mama Miche zaidi. "Wanangu wamenificha mguu. Na wewe umenificha mche. Mimi nani, mtoto mchanga? Ningekuja, ningeuona umekufa. Ningesema, nimeuua mimi, kwa kununa kwangu. Ningelia. Ni wangu kuulilia."

Akaashiria kwa kidevu. "Nipeleke ulikoutupa."

Lundo la mboji lilikuwa kwenye kona ya ukuta, maganda ya viazi, majani ya chai, nyasi zilizofyekwa, vyote vikitoa mvuke kidogo. Mama Miche alisogeza kiti mpaka magurudumu yakagusa maganda, akafunga breki, akapiga magoti ili afukue.

"Mikono nyuma," Fundi alisema.

Akasimama. Akarudisha vidole gumba kwenye kitanzi. Fundi akainama kutoka kwenye kiti, akachimba kwa mkono wa kushoto, ganda baada ya ganda, akavuta mche ambao haukuwa wake, akautupa, akavuta mwingine. Mara moja alipepesuka, na mwili mzima wa Mama Miche ukaruka mbele, lakini Fundi alishika mkono wa kiti mwenyewe, akajirudisha, akapumzika, akaendelea. Jasho lilimtiririka shingoni. Alipoupata, aliuinua juu kwenye mwanga: kijiti kikavu, na chini ya mabaki ya jani, uzi wa buluu wenye fundo dogo, baya, lililokaza.

Mama Miche alilitazama. Aliona lilivyopinda, na mahali meno yalipoutafuna uzi. Alikuwa amelitupa pamoja na maganda ya viazi.

"Ni zuri," alisema.

"Ni baya sana," Fundi alisema. "Mwanafunzi wangu angelileta hilo, ningelifumua." Akauweka mche mapajani, akaulainisha kwa kidole. Machozi yakamtoka upande mmoja tu wa uso, na hakuna aliyeyafuta. Baadaye alisema, "Nipe mbegu. Sitaki mche. Mbegu."

Mwalimu alikuwa akiosha vijiko nyuma ya chumba cha kufulia. Mama Miche alikwenda na aproni mkononi, imekunjwa, tayari kuirudisha. Alieleza. Mwalimu alisikiliza huku akisugua.

"Nani alikuwa hawezi kustahimili kuuona ule mche umekufa?" aliuliza mwishoni.

Mama Miche alifikiri. "Mimi."

"Basi dawa ya mgonjwa umeinywa wewe." Mwalimu alimsukumia nusu ya vijiko. "Suuza hivyo. Mdogo wako hajambo?"

"Hajambo."

"Chai anakunywaje?"

Mama Miche alisuuza vijiko vyote mpaka cha mwisho. Alipoondoka, Mwalimu alimwita na kumrudishia aproni aliyokuwa ameiacha juu ya ndoo.

Nyumbani alimkuta mdogo wake kwenye kiti chake. Mrehani ulikuwa umenawiri dirishani. Alivuta kigoda, akakaa mbele yake, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu kwa kuwa siku zote alikuwa amesimama akimhudumia.

"Mdogo wangu, nimekudanganya. Huo mrehani hujaumwagilia hata siku moja. Nimeumwagilia mimi, nikakwambia ni wako. Naomba unisamehe."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nakuona. Silali."

Waliangaliana. Mama Miche akacheka kidogo kwa aibu, mdogo wake hakucheka.

"Kuanzia leo siugusi. Ukifa, umekufa. Kikombe nacho nitakuwekea kushoto kwako. Sitakushikia."

Jioni ile chai ilipoa. Asubuhi uji ulipoa, na Mama Miche alikwenda kwenye turubai lake akiwa na uchungu wa mtu aliyetenda dhambi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wazee, lakini hawakusema ukiacha kumchelea utalala vipi. Mchana alirudi kuchungulia. Kikombe kilikuwa kitupu na kifua cha shati kimelowa chote. Alikwenda jikoni akainjika chai nyingine.

Lakini mrehani ulianza kulegea. Kwa Mama Miche hilo lilikuwa jambo la mwilini. Mmea wenye kiu ndani ya nyumba yake ulimwasha kama upele. Aliamua kuvaa aproni ya kituo hata nyumbani, na kila alipopita dirishani aliingiza vidole gumba kwenye kitanzi. Majani yalikunjika. Ncha zikainama.

"Dada," mdogo wake alisema siku moja. "Mrehani wako unakufa."

"Si wangu."

Mdogo wake akautazama ukuta wa jirani, akautazama mrehani, akarudia ukuta. Mama Miche alikuwa akifagia, akaendelea kufagia mahali pale pale palipokwisha kuwa safi. Kisha alisikia kiti kikikwaruza sakafu. Hakugeuka kwanza. Alipogeuka, mkono wa kushoto ulikuwa umetoka juu ya mwenzake na umeshika chupa.

Ulikuwa mkono wa mtu mzima uliosahau uzito wa chupa. Maji ya kwanza yalikwenda dirishani, ya pili yakamwagika pajani, ya tatu yakagonga ukingo wa kopo na kuruka usoni kwake. Mama Miche aliacha ufagio uanguke. Vidole gumba vilikuwa kwenye kitanzi na alivikaza mpaka vikafa ganzi. Mdogo wake alishusha chupa, akapumua, akaipandisha tena, sasa taratibu, kama alivyokuwa akiishusha brashi kwenye kona ya dari, na maji yakaingia kwenye udongo, yote yaliyobaki.

"Yametosha?" aliuliza.

Mama Miche alijua. Angeweza kujua kwa kuusikia tu udongo unavyonywa.

"Uulize udongo."

Alimtazama dada yake kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili. Kisha akatia kidole. Alikizungusha kule ndani, uso umejikunja, akakitoa kikiwa na tope na harufu ya mrehani, akakinusa.

"Chini bado mkavu," alisema. Aliitikisa chupa, ilikuwa tupu. Akaigeuza, akaitazama, halafu akamgeukia.

"Dada, naomba maji."

Mama Miche alisahau kitanzi. Alipojaribu kuinyoosha mikono aproni ilimvuta nyuma karibu aanguke, na mdogo wake akacheka, kicheko kikavu kilichokaa muda mrefu bila kutumika.

"Lete tu," alisema. "Kumimina nitamimina mwenyewe."

Alikwenda bombani. Alifungua maji, akayaacha yamwagike mikononi muda mrefu kuliko chupa ilivyohitaji, na alilia bila kujizuia kwa sababu kelele za maji zilimfichia. Kisha akanawa uso. Alirudi, akaiweka chupa upande wa kushoto, karibu, asikolazimika kujinyoosha sana. Akafikiri, akaisogeza mbali kidogo. Akarudi nyuma hatua chache na kusimama, mikono nyuma.